Mwanachuo mbele ya Maktaba ya Kikoloni: Siasa na Elimu Iliyochakaa katika L'Écart ya V.Y. Mudimbe

1. Utangulizi

Riwaya nyingi za Kiafrika zinazomhusu mwanachuo humwonyesha akirudi nyumbani. Anashuka garini na sanduku lake la vitabu, anapokewa kwa vigelegele, kisha msomaji anaonyeshwa jinsi elimu ilivyomtenga na jamaa zake. L'Écart, jina ambalo kwa Kiswahili laweza kufasiriwa "Pengo", haifuati njia hiyo. Katika riwaya hii ya tatu ya V.Y. Mudimbe, iliyochapishwa na Présence Africaine mjini Paris mwaka 1979, mwanachuo haonyeshwi kijijini. Anaonyeshwa akiwa ameketi katika maktaba, mbele ya vitabu vilivyoandikwa juu ya watu wa bara lake, na kila anapofungua ukurasa anazidi kujiona mgeni. Pengo linalozungumziwa haliko baina ya msomi na kijiji chake tu. Liko pia baina ya msomi na vitabu vinavyodai kumweleza yeye ni nani.

Makala haya yanaichunguza riwaya hiyo kama uhakiki wa chuo kikuu unaotolewa kwa sauti ya mwanafunzi. Yana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba Mudimbe anaonyesha kuwa elimu iliyochakaa na siasa ya kaulimbiu, ingawa hujitangaza kuwa maadui, hufanya kazi moja: zote mbili humpa mwanachuo maneno yaliyokwisha kutengenezwa na kumtaka ayakariri. Hoja ya pili ni kwamba riwaya, pamoja na ukali wake wote, inapita bila kuiona njia ya kutokea iliyokuwa karibu sana na mahali mwandishi alipozaliwa na kufundisha, yaani historia iliyokuwa ikisimuliwa, ikichorwa na kuandikwa kwa Kiswahili katika miji ya Katanga. Kwa kuwa riwaya imeandikwa kwa Kifaransa, ni rahisi kwa wanafunzi wa Kiswahili kuipita. Hata hivyo suala inalolizusha linawahusu moja kwa moja.

2. Mwandishi na mazingira ya chuo

Mudimbe alizaliwa tarehe 8 Desemba 1941 mjini Likasi, wakati ule ukiitwa Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, Mbelgiji aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa shughuli za madini ya Katanga. Alifariki Marekani mwezi Aprili 2025. Likasi ni mji wa shaba na kobalti, uliojengwa kwa ajili ya migodi na viwanda vya Union Minière, kampuni ambayo baada ya kutaifishwa ilikuja kuwa Gécamines. Katika mji wa namna hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za wafanyakazi, ya soko na ya uani. Kifaransa kilikuwa lugha ya ofisi, ya darasa na ya cheti. Mtoto aliyekulia hapo alijifunza mapema kwamba kila lugha ina mlango wake, na kwamba mlango wa chuo haukufunguliwa kwa lugha ya nyumbani.

Njia ya Mudimbe ilipitia seminari, kisha monasteri ya Wabenedikto nchini Rwanda, ambayo aliiacha. Alisoma Lovanium, na mwaka 1970 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, kwa tasnifu ya isimu kuhusu maana za neno "hewa" katika Kigiriki, Kilatini na Kifaransa. Jambo hili halina budi kukumbukwa. Mtu aliyekuja kuitilia shaka elimu ya Ulaya alikuwa ameisoma mpaka mizizi yake. Shaka yake haikutokana na kushindwa masomo.

Chuo alichokuja kukifundisha nacho kilikuwa na historia nzito. Lovanium kilianzishwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, Kinshasa ya leo, kikiwa tawi la fikra na mitaala ya Louvain. Chuo Kikuu rasmi cha Elisabethville, yaani Lubumbashi, kilifunguliwa mwaka 1956. Baada ya uhuru mitaala ilibaki kuwa ileile kwa sehemu kubwa, na shahada zikaendelea kupimwa kwa kipimo cha Ubelgiji. Tarehe 4 Juni 1969 wanachuo wa Lovanium waliandamana mjini Kinshasa wakidai, pamoja na nyongeza ya fedha za masomo, kushirikishwa katika uendeshaji wa chuo. Askari waliwafyatulia risasi. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wanachuo walipowakumbuka wenzao waliouawa, chuo kilifungwa na wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Mwezi Agosti mwaka huohuo vyuo vyote vikuu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kikijulikana kwa kifupi UNAZA, na Kitivo cha Fasihi kikahamishiwa Lubumbashi. Hapo ndipo Mudimbe alipofundisha hadi mwaka 1980.

Kwa hiyo L'Écart iliandikwa katika chuo chenye mabwana wawili. Bwana wa kwanza alikuwa mtaala uliorithiwa kutoka kwa mkoloni. Bwana wa pili alikuwa chama kimoja cha MPR, kilichoingia chuoni kupitia tawi lake la vijana na kupitia itikadi ya "uhalisi", ile ambayo mwaka 1972 iliwalazimisha raia kuacha majina yao ya ubatizo. Mudimbe mwenyewe, aliyekuwa akiitwa Valentin-Yves, alitumia jina la Vumbi Yoka. Mwaka 1980, baada ya kuteuliwa kuwa mjumbe wa Kamati Kuu ya chama hicho, aliondoka nchini na kwenda kuishi na kufundisha Marekani. Riwaya ilikuwa imekwisha kutoka mwaka mmoja kabla.

3. Nara na elimu iliyochakaa

Msuko wa L'Écart ni mwembamba. Mhariri anaeleza katika dibaji kwamba anachapisha madaftari ya Ahmed Nara, kijana aliyefariki kabla ya wakati wake. Yanayofuata ni maandishi ya Nara mwenyewe, katika nafsi ya kwanza. Anaishi katika mji wa kubuni uitwao Krishville. Anaandika tasnifu ya historia juu ya Wakuba, watu wa Kasai wenye ufalme mashuhuri. Mchana huenda maktaba. Nyakati nyingine huonana na daktari wa magonjwa ya nafsi. Jioni hukutana na makomredi wake wa siasa, au na Aminata, au humkumbuka Isabelle, mwanamke wa Kifaransa aliyempenda. Matendo ni machache. Uzito wa riwaya umo katika fikra zinazokatika, kurudi nyuma na kujikanusha.

Nara ana shabaha moja ya kitaaluma. Anataka kuanza upya kabisa: kuweka kando yale yaliyokwisha kuandikwa juu ya Wakuba, kuyaondolea ukoloni, na kuijenga historia yao kwa kuyasikiliza mazingira yao wenyewe. Anawalaumu wanahistoria wanaosema kwamba Afrika haina nyaraka za kuonyesha mfuatano wa nyakati. Kwake yeye, hao wameufanya ufinyu wa mbinu zao kuwa upungufu wa Waafrika.

Mwandishi hakuwachagua Wakuba kwa bahati. Hawa ni miongoni mwa watu wa Kongo walioandikwa sana. Emil Torday, mtafiti mzaliwa wa Hungaria, aliwatembelea katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 akikusanya vitu kwa ajili ya jumba la makumbusho la Uingereza, akaandika orodha ndefu ya wafalme wao na kuikadiria miaka yake kwa msaada wa habari ya kupatwa kwa jua katika karne ya 17. Jan Vansina alifanya utafiti kwao katika miaka ya 1950, akachapisha kitabu juu ya ufalme wao mwaka 1964 na kingine mwaka 1978, na kazi zake zilikuwa miongoni mwa zile zilizoyapa masimulizi ya mdomo hadhi ya ushahidi wa kihistoria. Kwa maneno mengine, mwanachuo anayetaka kuandika juu ya Wakuba hafiki mahali patupu. Anakuta rafu zimejaa, na baadhi ya vitabu vilivyomo ni vizuri.

Hapa ndipo riwaya inapoonyesha ukomavu wake. Mhakiki mwepesi angetarajia Mudimbe awachore wataalamu wa Ulaya kuwa waongo watupu, ili mhusika wake awe na kazi rahisi ya kuwafichua. Sivyo anavyofanya. Tatizo la Nara ni zito zaidi: hata swali lake la uasi ameuliza kwa istilahi alizofunzwa nao. "Chanzo", "uhakiki wa nyaraka", "ufalme", "kabila", "mfuatano wa nyakati", zote hizo ni zana zilizotoka katika karakana ileile. Anapojaribu kuanza kutoka sifuri, sifuri yenyewe amepewa na mwalimu.

Wazo hili Mudimbe alilifafanua pia katika insha zake. Katika L'autre face du royaume (1973) alimfananisha msomi wa Kiafrika na mtu aliyemo ndani ya lifti inayopanda na kushuka bila kikomo, huku mitambo ikiwa mikononi mwa wengine. Katika L'Odeur du père (1982) aliuliza ni kwa gharama gani mtu aweza kweli kujitenga na Ulaya, iwapo harufu ya baba imo hata katika maneno ya kumkana. Na katika The Invention of Africa (1988), kitabu kilichompa umaarufu duniani, aliyaita maandishi yote hayo ya wapelelezi, wamisionari na wanaanthropolojia "maktaba ya kikoloni". Nara ni mwanachuo aliyefungiwa katika maktaba hiyo miaka kadhaa kabla haijapewa jina.

Elimu iliyochakaa, kwa mujibu wa riwaya hii, haitambuliwi kwa umri wa vitabu tu. Kitabu cha zamani chaweza kusomwa upya na kikazaa. Elimu imechakaa pale inapomzuia mwanafunzi kuuliza swali ambalo jibu lake halimo tayari katika rafu. Maprofesa wanaweza kuwa wema, maktaba inaweza kuwa tulivu na safi, na bado mwanafunzi akakosa hewa.

4. Nara na siasa

Iwapo maktaba haimwokoi, je, siasa itamwokoa? Makomredi wa Nara wanaamini hivyo. Soum, Mmarx mwenye msimamo mkali, anayaona madaftari ya Nara kuwa anasa ya msomi mdogo wa kibepari. Kwake historia imekwisha kueleweka: kuna wanyonyaji na wanyonywaji, na kazi iliyobaki ni kuchagua upande. Wakuba na wafalme wao ni habari za jana.

Mudimbe hamdhihaki Soum. Anampa hoja zenye nguvu, na msomaji wa Kongo ya miaka ya 1970 angejua kwamba watu kama yeye waliyatoa maisha yao. Lakini riwaya inaonyesha jambo ambalo Soum mwenyewe halioni. Lugha yake nayo imetoka rafuni. Imeandikwa mahali pengine, juu ya viwanda vingine, na inatumiwa kwa Afrika bila kubadilishwa, kama vile mwanaanthropolojia anavyotumia jedwali lake la ukoo. Profesa anamtaka Nara athibitishe. Komredi anamtaka atii. Wote wawili wana jibu kabla ya swali.

Ukiiweka hoja hii ndani ya chuo cha UNAZA, maana yake inapanuka. Itikadi ya "uhalisi" ilidai kuwa tiba ya elimu ya kigeni. Ilimwambia mwanachuo arudi kwa mababu. Msemo wa Kiswahili kwamba mwacha asili ni mtumwa ungeweza kutumiwa kuitetea. Lakini swali la Nara linauharibu utulivu wa msemo huo: asili ipi, na nani aliyeiandika? Picha ya jadi iliyotolewa na chama, yaani chifu asiyepingwa, kijiji kisicho na mgogoro, Mwafrika anayeafikiana daima, ilifanana mno na ile iliyochorwa katika vitabu vya watawala wa kikoloni. Dola ilikuwa imevua suti ya Ulaya, lakini iliendelea kusoma maktaba ileile.

Mfano wa kutisha zaidi wa jambo hili ulikuja baada ya riwaya, na ulitokea katika mji wa mwandishi mwenyewe. Mwaka 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu ya wakazi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi wao walizaliwa Katanga. Wazazi au babu zao waliletwa kufanya kazi migodini na relini. Walikaa vituoni wiki nyingi wakisubiri treni, na wengi walikufa. Waliofukuzwa na waliofukuza walizungumza Kiswahili kilekile. Kilichowatenga ni orodha ya "wenyeji" na "wageni", ya makabila yenye mipaka na tabia zisizobadilika, ambayo utawala wa kikoloni uliitunga na shule ikaifundisha. Dhana za kale za vitabuni hazikubaki vitabuni. Mwanachuo anayekariri kwamba kila kabila lina eneo lake na tabia yake anafundishwa siasa bila kujua. Kwa sababu hiyo suala la mtaala haliwezi kuachiwa kamati za mitihani peke yake.

Chuo chenyewe hakikusalimika. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wiki chache tu baada ya Rais Mobutu kutangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja, wanachuo wa Lubumbashi walishambuliwa katika mabweni yao. Serikali ilikiri kifo kimoja. Wengine walitaja makumi, na wengine mamia. Idadi imebaki kuwa suala la ubishi. Msomaji anayerudi kwa L'Écart baada ya usiku huo hawezi kuyasoma mabishano ya Nara na makomredi wake kama mchezo wa vijana waliosoma sana.

5. Nara na Kazimoto

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatakosa kumkumbuka Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi. Ulinganisho huu una msingi katika maisha ya waandishi wenyewe. Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alipitia seminari kama Mudimbe. Alikuwa mhadhiri kama yeye. Na kama yeye aliifanya falsafa kuwa sehemu ya kazi yake ya fasihi. Wahusika wao pia ni ndugu. Kazimoto ni mwanachuo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anajisimulia mwenyewe, ana akili kali na moyo uliochoka, na mwisho wake ni kujiua. Wahakiki wameitaja mara nyingi riwaya hiyo kuwa mfano wa ukengeushi na wa udhanaishi katika Kiswahili.

Hata hivyo tofauti zao zinafundisha zaidi. Ugomvi wa Kazimoto ni na Mungu, na wazazi, na Manase aliyemharibia dada yake, na maisha yasiyo na maana. Hauhusu muhtasari wa masomo. Chuo kimempa upweke, lakini haulizi ni vitabu gani vilivyompa upweke huo. Nara ndiye anayeuliza. Kwa upande huu Mudimbe anakwenda mbali kuliko Kezilahabi: analipeleka shitaka moja kwa moja kwenye chumba cha kusomea.

Kwa upande mwingine, Kichwamaji ina jambo ambalo L'Écart inalikosa. Kazimoto anasimulia kwa lugha ambayo wazee wa kijijini kwake wanaielewa. Wanaweza kumjibu. Wanamcheka, wanamkemea, wanamwogopa, wanabishana naye, na maneno yao yanaingia katika simulizi bila kuhitaji pasipoti. Katika L'Écart hakuna mtu asiyesoma anayemjibu Nara. Wakuba wamo katika kila daftari, lakini hawasemi. Mwanachuo anayewalaumu wanaanthropolojia kwa kuwanyamazisha Waafrika anaandika madaftari ambamo Waafrika hao wamenyamaza.

Kuna pia suala la wanawake, na hapa riwaya zote mbili zina deni. Rukia, dada yake Kazimoto, anakufa kwa ajili ya mgogoro wa wanaume. Aminata na Isabelle wanatumika kama vioo viwili ambamo Nara anatazama nusu mbili za nafsi yake, moja ya Afrika na moja ya Ulaya. Wao wenyewe wanafikiri nini juu ya elimu na siasa, msomaji haambiwi vya kutosha. Mwanachuo wa kike hana daftari katika riwaya hii.

6. Kile ambacho riwaya haikioni

Yaweza kujibiwa kwamba ukimya wa Wakuba ni sehemu ya makusudi ya mwandishi. Nara ni mgonjwa, na ugonjwa wake ni huo hasa wa kutosikia. Kosa la mhusika si lazima liwe kosa la mwandishi. Jibu hili lina uzito, na ukali wa Mudimbe dhidi ya Nara unaliunga mkono. Lakini halimalizi mjadala. Riwaya inayotambua maradhi haina wajibu wa kuandika dawa. Ila inapodokeza kwamba nje ya maktaba hakuna ila kaulimbiu na kifo, mhakiki ana haki ya kuutazama mtaa uliokuwa nje ya dirisha.

Katika mtaa huo mambo yalikuwa yakitendeka. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Elisabethville, kwa niaba ya chama cha watu waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Maandishi hayo, yaliyopigwa chapa kwa mashine na kupewa kichwa cha Kifaransa, Vocabulaire de la ville d'Elisabethville, yanasimulia ukoloni kama ulivyoonekana kutoka jikoni. Katika mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora mfululizo wa picha karibu mia moja zinazosimulia historia ya nchi yake kuanzia zamani hadi siku zake, akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili. Na kikundi cha maigizo cha Mufwankolo kilikuwa kikiwafurahisha na kuwafundisha watu wa Lubumbashi kwa lugha hiyohiyo.

Ikumbukwe kwamba katika miaka hiyo Mudimbe alikuwa akifundisha Lubumbashi. Aliyekaa na Tshibumba na kurekodi maelezo yake ni Johannes Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha katika chuo hichohicho tangu 1972 hadi 1974. Ni Fabian pia aliyeyachapisha maandishi ya Yav mwaka 1990, na kitabu cha picha za Tshibumba mwaka 1996. Hapa kuna kinaya ambacho Nara angekielewa kwa uchungu: historia iliyosemwa kwa Kiswahili na watu wa Katanga ililifikia jumba la vitabu kwa mkono wa mgeni, na kwa Kiingereza. Kwa haki ya Fabian, alichapisha maneno ya Kiswahili pamoja na tafsiri yake ya maandishi ya Yav, na mwaka 1983, katika Time and the Other, aliishambulia tabia ya sayansi yake mwenyewe ya kuwaweka watu wengine katika wakati mwingine. Lakini ukweli unabaki kwamba njia aliyoitamani Nara ilianza kupitwa, na aliyeipita hakuwa mwanachuo wa Kiafrika aliyekaa maktaba.

Haifai kuyatukuza maandishi ya Yav wala picha za Tshibumba kupita kiasi. Hizo nazo zimechanganyika na masomo ya shule ya misheni, na hadithi za redio, na siasa ya siku zao. Hakuna sauti safi isiyoguswa na maktaba ya kikoloni, na Mudimbe ana haki anaposisitiza hivyo. Tofauti yake ni kwamba Yav na Tshibumba hawakungoja wapate mahali pasafi pa kuanzia. Walianza na walichokuwa nacho, kwa lugha waliyokuwa nayo, mbele ya wasikilizaji waliokuwa na uwezo wa kuwasahihisha. Nara alitaka sifuri. Wao waliridhika na kati.

Tena hawakuwa peke yao. Nara anapambana na rafu nzima kama mtu mmoja, na hilo linachangia kushindwa kwake. Mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake pawekwe idara itakayoanza na fasihi ya Afrika, ikiwemo fasihi simulizi. Matokeo ya pendekezo hilo yalikuwa na mipaka yake, lakini lilibadilisha yale yaliyofundishwa. Wanachuo wa Kinshasa wa 1969, walipodai kushirikishwa katika uendeshaji wa chuo, nao walikuwa wameelewa kwamba mtaala hubadilishwa na watu wengi wanaokaa pamoja. Katika L'Écart matakwa hayo ya pamoja hayaonekani. Kati ya upweke wa maktaba na utii wa kikundi cha siri, riwaya haitoi nafasi ya tatu.

7. Hitimisho

L'Écart ni riwaya ngumu, na baadhi ya ugumu wake ni wa lazima. Imeonyesha kwa uwazi kwamba mwanachuo anaweza kunyimwa uhuru wa kufikiri na maprofesa wake na pia na wale wanaodai kumkomboa kutoka kwao. Imeonyesha kwamba istilahi za kitaaluma zina historia, na kwamba kuzikariri ni kitendo cha siasa. Yaliyotokea Lubumbashi mwaka 1990 na Likasi mwaka 1992 na 1993 yamelithibitisha onyo lake kwa namna ambayo mwandishi mwenyewe hangeitamani. Upungufu wake ni kwamba imemweka mwanachuo peke yake, katika lugha moja, na imewanyamazisha watu ambao angeweza kujifunza kwao.

Kwa idara za Kiswahili kazi inayofuata iko wazi. Riwaya hii yastahili kusomwa sambamba na Kichwamaji, na zote mbili sambamba na maandishi ya Yav, ili wanafunzi waone jinsi suala moja linavyobadilika likihamishwa kutoka Kifaransa hadi Kiswahili sanifu na hadi Kiswahili cha Katanga. Hicho cha mwisho mara nyingi hutajwa katika vitabu vya isimu kama lahaja iliyopungukiwa na ngeli na upatanisho. Kuendelea kukifundisha kwa jicho hilo peke yake, bila kusoma yale kilichoyasema, ni kuiongezea rafu nyingine maktaba ileile.

Kuifasiri riwaya kwa Kiswahili kungekuwa zoezi la manufaa, na mfasiri angepata taabu tangu kwenye jalada. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1993 iliyofanywa na Marjolijn de Jager ilichagua neno lenye maana ya ufa. "Pengo" linasema kwamba kuna kitu kimekosekana. "Ufa" unasema kwamba nyumba nzima imo hatarini, na Waswahili wanajua gharama ya kutouziba mapema. Mfasiri atakayechagua baina ya maneno hayo mawili atakuwa ameamua pia jinsi anavyokitazama chuo alichosomea.